Nilisema Simama (Sehemu ya Tisa)

Wiki iliyopita niliwaacha na Cecil chini ya gogo.

Wapo mlioniandikia kupitia gazeti hili mkinilaumu kwa kuishia pale. Mama mmoja wa Nachingwea ameuliza kama mgonjwa alipona. Hapana, mama. Cecil hakupona. Alikata roho nyuma ya pikapu kabla hatujaumaliza mlima wa kupandia Newala, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja yangu. Neno lake la mwisho lilikuwa maji, na sisi hatukuwa na maji.

Anayeanza kusoma leo asipotee. Mimi ni Lameck, Baba Emilia, nakaa Chiungutwa, Masasi. Lori langu liliungua, mikorosho yangu ikakauka, nikakimbilia kwenye magogo, kule bonde la Ruvuma. Huko nikapewa kazi ya kuita.

Kuita ni hivi. Gogo la mkongo haliinuliwi na watu. Tunaegemeza nguzo mbili kwenye ubavu wa lori, tunalizungushia gogo waya, na upande wa pili wa lori kuna winchi inayouvuta ule waya mpaka gogo lipande. Mwendesha winchi halioni gogo. Anaona bati la lori na vumbi. Macho yake ni sauti ya mwitaji, na mwitaji nilikuwa mimi.

Kwenye winchi alikuwa Erasto, Baba Huruma, Mmakonde wa kule Newala. Chini ya gogo, na mtaimbo mkononi akiliongoza, alikuwa Cecil, kaka wa mke wangu.

Umoja wa Wavunaji na Wachukuzi wa Magogo, ambao sisi tunauita Umoja tu, umetupa maneno matatu ya kupakilia. Kaza, winchi ivute. Simama, winchi ifungwe breki pale pale ilipo. Achia, waya ulegezwe. Basi. Mengine yote marufuku, matusi yakiwemo. Tumeandikiwa migongoni mwa vizibao vyetu, na mwenye cheti cha kuwafundisha wageni maneno hayo nilikuwa mimi huyu huyu.

Wiki iliyopita niliwaambia kwamba gogo liliteleza.

Nilidanganya. Nimezoea kudanganya juu ya jambo hilo hata nikawadanganya nyinyi, watu ambao hamwezi kunifanya lolote.

Gogo lilikuwa nusu ya safari nguzo ya kushoto ilipoanza kupasuka. Niliisikia kabla ya kuiona. Nilichotakiwa kusema ni simama. Winchi ingefungwa breki, gogo lingening'inia pale, Cecil angetoka chini yake akijitukana kwa woga, na jioni tungecheka. Kinywa changu kilipofunguka, kilisema leka.

Leka ni neno la nyumbani. Kwetu Wayao lipo na kwa Wamakonde lipo, na kote ni kuacha. Lakini kuna kuacha unachokifanya na kuna kuacha ulichokishika. Mimi nilimaanisha aache kuvuta. Erasto alikuwa ameshika breki ya winchi, haoni kitu, anasikia sauti inamwambia aache.

Akaacha.

Hivyo ndivyo shemeji yangu alivyokufa. Tangu tukiwa ndani ya ile pikapu, mkono wangu ukiwa kifuani mwake, nilikwishaanza kufikiri nitasema niliita nini. Msinitafutie udhuru. Hata machozi yalikuwa hayajanitoka.

Walipotuuliza pale tulipomfikisha, nikasema niliita simama. Lilitoka laini kabisa.

Sasa niwaeleze Cecil alikuwa nani, maana si shemeji wa kupiga naye soga tu. Huku kwetu ukoo unakwenda kwa mama. Mimi nimeoa nikahamia kwa wakwe zangu. Watoto ni wa kwao. Mwenye kauli juu ya Emilia ni mjomba wake, na mjomba alikuwa Cecil. Mtoto akiugua tulimwambia Cecil kwanza. Shule aliichagua Cecil. Hata jina Emilia alilitoa yeye, la bibi yao. Kwa hiyo nilimuua mwenye wanangu, kisha nikakaa kwenye jamvi la msiba wake nikapokea pole.

Umoja ulimzika kwa heshima zote. Siku hiyo malori yote kumi na moja ya wanachama yalizimwa injini popote yalipokuwa, kila moja likawekewa tawi bichi mbele ya gurudumu, na hakuna aliyewasha mpaka udongo uliporudi kaburini. Kasisi alisoma, wanakwaya waliimba, Umoja ukaleta vizibao vyake ukasimama mstari mzima.

Erasto hakuthubutu kusogea. Alisimama mbali, barabarani, karibu na waendesha bodaboda. Mke wangu Julia alimwona. Aliacha kulia, akaomba mbele ya kaburi kwamba aliyemwachia kaka yake lile gogo asilale usingizi tena duniani.

Nikasema amina. Watu wote walisema amina, nami ningefanyaje?

* * *

Siku ya kumi baada ya mazishi tuliitwa ofisi ya Umoja, Mkomaindo.

Nisiusingizie Umoja. Ndio ulionishika mkono nilipokuwa sina lori wala shamba. Ndio unaokwenda kusimama kwenye geti la misitu mwanachama anapozuiwa na mzigo wake halali. Kofia ngumu tunazovaa ni za Umoja. Na Umoja si mahakama. Lakini ajali ikitokea, taarifa yake ndiyo inayosomwa polisi na ofisi ya misitu, na mtu asiye na kadi ya Umoja hapati pori la kufanyia kazi kutoka Masasi mpaka Ruvuma.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Abdulrazaki, mwenye malori matatu na kifua kibovu. Katibu ni Ethel, binti wa mwalimu mstaafu wa hapo hapo Mkomaindo, anayeandika haraka kuliko unavyosema.

Alianza utingo, Muharami. Yeye alisema hakusikia chochote, msumeno wa injini ulikuwa unanguruma karibu naye. Alichoona ni waya kulegea na gogo kurudi. Akaambiwa akae.

Akasimama Erasto.

"Nilisikia leka," akasema.

Mzee Abdulrazaki alimkumbusha kwamba leka si neno la kazi, na kwamba hata yeye Erasto alifundishwa hilo.

"Najua, Mwenyekiti. Lakini ndilo nililosikia."

Ethel akainua kalamu akauliza aliandike kama lilivyo au aweke Kiswahili chake. Mwenyekiti akafikiri kidogo. Taarifa itasomwa na watu wa mbali, akasema, wasiojua lugha zetu, aandike achia.

Ethel akaandika achia.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mimi nililiona lile neno likifa mbele ya macho yangu. Leka ingemfanya msomaji aulize nani alisema leka. Achia haiulizi kitu. Mtu mmoja anadai aliambiwa achia, mwingine anasema aliita simama, na hakuna sikio duniani linalochanganya maneno hayo mawili. Kwa herufi tano Erasto alikuwa amekuwa mwongo au mlevi.

Ikaja zamu yangu.

"Nilisema simama," nikasema. "Mara mbili."

Ile mara ya pili hakuna aliyeniomba. Niliiongeza mwenyewe, kwa uroho tu.

Nilimtazamia Erasto aruke. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimepanga na maneno ya kumjibu. Badala yake alinitazama kwa muda, akauma mdomo, akamgeukia Ethel.

"Baba Emilia ameniita miaka minne na hajawahi kuniita vibaya," akasema. "Kama anasema aliita simama, basi aliita simama. Masikio yangu yameshakula injini nyingi mno. Andika hivyo, dada yangu."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimejiandaa kwa adui. Sikujiandaa kwa mtu anayeniamini kuliko masikio yake mwenyewe.

Neno lilinipanda mpaka kooni. Nikakohoa. Mwenyekiti akadhani ni uchungu wa shemeji, akaamuru niletewe maji. Nikayanywa yote mpaka tone la mwisho, nikarudisha bilauri, nikakaa.

Erasto alivua kizibao pale pale akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza ya Ethel pamoja na kadi. Taarifa ikapelekwa kunakohusika. Polisi walimhoji wakamwachia kwa dhamana, jalada likabaki wazi. Na Umoja ukaamua kwamba kabla ya arobaini ya marehemu, Erasto apelekwe na viongozi kwa wafiwa akaombe radhi kwa kinywa chake.

Wafiwa maana yake nyumbani kwangu.

* * *

Yaliyompata Erasto wiki zile nilikuwa nayasikia bila kuuliza.

Wakwe zake kule Chilangala walimwambia aondoke. Huku kwetu mwanamume ndiye anayefungashiwa. Mkewe Veridiana alimkunjia nguo mbili na blanketi, watoto wakabaki, naye akaenda kulala kwenye kibanda cha kuwekea matairi, kwa rafiki. Taarifa ya Umoja ilikuwa imeshasomwa hadharani, na watoto wa barabarani wakampa jina. Akipita wanamwita Achia.

Mimi je? Mimi nilipandishwa cheo.

Mzee Abdulrazaki aliniambia kwamba msiba huu uwe funzo, na nani wa kulifundisha kama si mwitaji aliyeita sawasawa na bado akafiwa. Nikapewa pikipiki ya Umoja nikawazungukia waitaji wote wa Masasi na Newala. Nilisimama mbele ya wanaume wazima nikawaambia wapaze sauti pamoja nami: kaza, simama, achia. Wengine walitokwa na machozi nilipofika kwa Cecil. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili akasema Mungu aniongezee nguvu.

Nililala vizuri, mkitaka kujua. Kwa wiki mbili za kwanza sikulala, kisha nikazoea. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi ninapoandika haya.

Siku moja kabla ya arobaini, alasiri, wakaja.

Mama mkwe wangu, Mama Selestina, alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani, miguu ameinyosha, kanga nyeusi kichwani. Julia alikuwa anapepeta mchele wa kesho. Nikatoa viti. Mzee Abdulrazaki akakaa, Ethel akakaa na daftari lake mapajani. Erasto hakutaka kiti. Alipiga magoti chini, kwenye udongo mtupu, nje ya mkeka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama Selestina alichelewa sana kuitika. Mwishowe akasema marahaba, kwa sauti ya mtu anayelipa deni la heshima tu.

Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa safi, lakini hakuna mkono wa mwanamke uliokuwa umelipitia. Mwenyekiti alieleza kwa maneno mafupi wamekuja kwa nini, kisha akamwachia nafasi.

Erasto hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema amekuja kusimama mbele ya mama aliyemzaa Cecil na dada aliyezaliwa naye. Alisema hatasingizia winchi wala nguzo. Mkono ulioachia ni wake. Wakimfukuza ataondoka, wakimlaani wana haki.

"Kitu kimoja tu kinanisumbua," akasema. "Usiku na mchana najiuliza nilipataje kusikia leka mahali ambapo mtu amesema simama."

Ungo wa Julia ukasimama.

"Ulisikia nini?" akamwuliza.

"Leka, Mama Emilia. Kwenye taarifa waliandika achia, ili watu wa mbali waelewe. Lakini nilichosikia mimi ni leka."

Julia hakuwa amelijua hilo. Yeye, kama watu wote, aliisikia taarifa iliyosomwa. Kwa wiki sita alikuwa akimlaani mtu aliyejisikilizia achia kutoka hewani.

Na Julia anaijua nyumba yake. Emilia akigusa panga, nasema leka. Akikimbilia barabarani bodaboda inakuja, nasema leka. Kiswahili changu ni cha mikutanoni na cha kazini. Nikishtuka nasema Kiyao, na mtu wa kwanza kunicheka kwa hilo, siku nilipokuja kuposa, alikuwa marehemu.

Mke wangu aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayehesabu mitungi akakuta mmoja haupo, akarudia kuhesabu.

Nikatazama chini. Hapo akawa amejibiwa.

Kuku walikuwa wanadonoa pumba karibu na miguu yake na hakuwafukuza. Kisha Julia, dada wa damu wa Cecil, akafanya jambo ambalo sikulitegemea.

"Mume wangu hasemi leka," akasema. "Hata nyumbani hasemi. Umesikia vibaya, Baba Huruma."

Alisema bila kutetemeka. Alikuwa ameshampoteza kaka, na nadhani aliona kwamba akisema kweli atampoteza na mume, Emilia abaki hana mjomba wala baba. Aliufunga mlango kwa haraka kabla hata mimi sijajua ninataka nini. Erasto akainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia udongo.

Mama Selestina akamgeukia binti yake.

"Julia," akasema. "Kalete Biblia ya kaka yako."

Julia akauliza ya nini. Mama yake akamwonyesha mlango kwa kidole. Julia akaingia ndani, akakaa huko kuliko inavyohitajika, akarudi nayo. Ilikuwa ile aliyopewa Cecil siku ya kipaimara, jalada limeshonwa na uzi wa viatu. Mama Selestina akaipokea akailaza juu ya mkeka.

"Ulichomwambia huyu, weka mkono hapa ukirudie."

"Mama."

"Kirudie tu, mwanangu. Huyu mtu akalale ajue moja."

Mzee Abdulrazaki aliingilia kusema hakuna haja ya kufika huko. Mama Selestina hakumgeukia. Julia akapiga magoti. Niliviona vidole vyake vikijikunja na kujikunjua. Najua mke wangu anavyomwogopa Mungu. Kwa kiapo cha uongo juu ya kitabu cha kaka yake asingepona, angetembea na kupika na kulea, lakini asingepona.

Mkono wake ukaanza kushuka.

"Leka!"

Sikulipanga. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya bondeni, hata kuku wakatawanyika uani.

Mkono wa Julia ulisimama hewani, juu kidogo tu ya jalada. Akaurudisha kifuani akaushika kwa ule mwingine.

"Leo umewahi, Baba Emilia," akasema.

Mpaka leo ninapoandika, sijawahi kuambiwa jambo lililonikata kama lile.

Erasto alikuwa ameinua kichwa. Uso wake ulikuwa umelegea wote, mdomo wazi.

"Ndiyo hiyo," akasema polepole. "Ndiyo yenyewe, Mwenyekiti. Kwa hiyo sikusikia vibaya."

Kisha akalia. Hakulia kwa hasira, wala hakunifuata anishike shingo, ingawa ningemwacha. Alilia kwa kupumzika. Mtu mzima, amepiga magoti uani kwa watu, anafurahi kwamba masikio yake ni mazima. Niliona aibu ambayo sina jina lake.

Mzee Abdulrazaki alikohoa mpaka akashika kifua. Alipopata pumzi alisema kwamba hapa hakuna kilichosikika.

Naomba msimchukie. Alieleza kwamba taarifa imekwenda na imepokelewa. Mwalimu wa kuita wa Umoja mzima ni huyu Lameck. Ikijulikana kwamba mwalimu mwenyewe aliita kwa neno lililokatazwa, kisha akadanganya, kisha tukamzungusha wilaya mbili akafundishe, nani ataiamini tena barua ya Umoja? Lile bonde litafungwa. Malori kumi na moja yatasimama, na wapakiaji, na wake zao, na watoto wao. Erasto ameshakubali. Mambo yakitulia, atarudishiwa kadi yake kimya kimya, yeye Abdulrazaki anaweka ahadi hiyo mbele ya mama mfiwa.

Akamwambia Ethel afunge daftari.

Ethel hakulifunga.

"Mwenyekiti, nimeshambadilishia neno huyu mtu mara moja," akasema. "Ulinituma, nami nikakubali. La pili nitaandika atakalosema mwenyewe." Akamgeukia Erasto. "Baba Huruma, siku ile ulisikia nini?"

Hapo ndipo maisha yangu yote yalipokuwa, kwenye ncha ya kalamu ya yule binti. Neno moja la Erasto lingemrudisha Chilangala kwa mkewe na watoto wake, na mimi lingenipeleka kituo cha polisi kabla jua halijazama. Alikuwa na haki nalo. Alikuwa amelilipia.

Erasto alijifuta uso kwa kiganja. Akamtazama Julia. Akamtazama Emilia wangu aliyekuwa amekuja kusimama mlangoni. Mwisho akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na nikajua kwamba hataniamini tena katika jambo lolote.

"Andika simama," akasema.

Ethel akamwuliza kama ana hakika.

"Mimi nimeitwa muuaji wiki sita, nimeshazoea. Huyu hataweza," Erasto akasema. "Mimi nimeshajua sikukosea. Inanitosha."

Leo nimeahidi kuwaambia kweli, basi pokeeni na hii. Moyo wangu ulifurahi. Mbele ya mama wa marehemu, mbele ya mke niliyemfanya mwongo, mbele ya mtu ambaye nimemlia nyumba yake na jina lake, moyo wangu uliruka kwa furaha kama wa mtoto aliyesamehewa viboko. Kalamu ya Ethel ikashuka kwenye karatasi. Mwenyekiti akafumba macho.

Mama Selestina akainuka.

Aliinuka kwa shida, akiegemea ukuta. Akaiokota Biblia kwenye mkeka, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga, akaanza kunijia.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Kwa miaka tisa ya ndoa yangu chakula chake nimekula, mgonjwa wake nimembeba, na sijawahi kuyaona macho yake. Nilirudisha kiti nyuma kumpa nafasi apite, kama heshima inavyotaka.

Hakupita.

Akaniwekea kitabu mapajani. Akajishusha chini taratibu, akaketi kwenye udongo mbele ya magoti yangu, akaniinulia uso.

"Wote wameshasema, Lameck," akasema. "Umebaki wewe."

Ethel akaacha kuandika.